Ukitaka kuiona Msimbati, tazama mwezi kwanza

Hapa Mtwara mjini sikukuu ikikaribia habari huwa ni moja tu, Idd au Krismasi au hata jumapili ya mwisho wa mwezi watu wameshapokea mshahara, utasikia tunaenda Msimbati. Noah zinakodiwa, kosta zinakodiwa, boda zinabeba watatu watatu, spika kubwa huyo, kreti za soda hizo, na jioni watu wanarudi wamechomwa na jua na simu zimejaa picha. Sina ugomvi na hilo hata kidogo, ufukwe ni wetu na watu wanahitaji kupumzika. Kinachoniuma ni kwamba wengi wanarudi hata hawajui kama siku nzima walikuwa ndani ya hifadhi. Muulize mtu umeona nini Msimbati, atakwambia bahari. Na wanyama je? Anakushangaa, wanyama si Mikumi huko!

Kwahiyo nawaandikia ndugu zangu wa kusini, wa Mtwara, Lindi, Masasi, Newala, Tandahimba, maana mgeni anayetoka Ulaya anakuja tayari ameshasoma anachokuja kutazama, sisi wenye eneo ndo hatujaambiwa.

Msimbati, Ruvula, maji yote ya Ghuba ya Mnazi na visiwa vyake kama Namponda na Mongo, mikoko yote mpaka pale mto Ruvuma unapoingia baharini mpakani na Msumbiji, hiyo yote ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Ilitangazwa mwaka 2000, ni ya pili nchini baada ya ile ya Mafia ya 1995, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 650 ambazo karibu theluthi yake ni nchi kavu. Haina uzio. Vijiji vimo humo humo ndani, watu wanavua, wanalima, wanachuma korosho, wanazika wazee wao, na sheria ya hifadhi za bahari ya 1994 inataka hivyo, wenyeji wawe sehemu ya uhifadhi na sio wafukuzwe. Hata gesi iko humo, ile iliyogunduliwa mwaka 1982, ndo maana ukienda Msimbati unapita Madimba pale kwenye mtambo mkubwa wa kusafishia gesi. Watu wengi wakisikia Mnazi Bay wanajua gesi tu. Mimi nikisikia Mnazi Bay nawaza pweza, lakini nitafika huko.

Kwanini wanyama wa bahari wamejaa hapa kuliko sehemu nyingine? Kuna mkondo mkubwa unavuka Bahari ya Hindi yote kutoka mashariki, unakuja unaifikia pwani ya Afrika hapa hapa kwetu, mpakani mwa Tanzania na Msumbiji, halafu unagawanyika, tawi moja linapanda kaskazini kwenda Mafia na Unguja na jingine linashuka kusini. Mayai ya samaki na vichanga vya matumbawe vinavyoelea kwenye mkondo huo vinatufikia sisi mwanzo, na vinavyozaliwa kwetu vinapelekwa na hilo tawi la kaskazini mpaka kwa wenzetu. Watafiti waliozama kwenye ghuba hii walihesabu aina zaidi ya 250 za matumbawe magumu na mamia ya aina za samaki. Kwahiyo mwamba wa Mnazi ukiharibika hasara haiishii Msimbati, inapanda na mkondo mpaka mbali.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mbuga ya nchi kavu ina geti, linafunguliwa asubuhi linafungwa jioni, unaenda siku yoyote unayopata nafasi. Bahari haiendi hivyo. Maji yanajaa mara mbili na kukupwa mara mbili kila siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu tunapata bamvua, maji yanajaa sana na kukupwa sana, tofauti inazidi mita tatu kwenda juu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari inatembea kidogo tu. Kila mvuvi wa hapa anajua hili tangu anaota meno, lakini sisi wa mjini tunapanga safari kwa wikiendi, tunafika saa sita mchana maji yako katikati, hayajakupwa tukatembea mwambani wala hayajatulia tukazamia, basi kinachobaki ni kupiga picha na kula.

Kwa pwani yetu ni rahisi kukumbuka. Siku za bamvua maji yanakupwa kabisa mida ya saa nne hadi saa tano asubuhi, na yanajaa saa kumi. Siku za maji mafu ni kinyume chake, asubuhi hiyo ya saa nne ndo yamejaa na yametulia. Ukishajua hilo tu umeshaijua nusu ya hifadhi.

Nenda bamvua uone. Siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi mpevu, ondoka mjini alfajiri ili saa tatu uwe umefika na maji bado yanatoka. Yakishatoka inabaki nchi nzima ambayo juzi haikuwepo, majani bahari yamelala, vidimbwi vya maji ya vuguvugu, viti vya pweza, wale wa umbo la nyota, vyenye vinundu vyekundu, majongoo bahari yametulia kwenye mchanga, mkunga anachungulia kwenye ufa wa mwamba na ukimkaribia anafungua mdomo. Vaa raba au ndala za kufunga maana kuna wale wanyama weusi wa mviringo wenye miiba mirefu, ukiukanyaga huo mwiba unavunjikia ndani na siku yako imeishia hapo. Na kanyaga mchanga, usikanyage matumbawe, matumbawe ni mnyama yuko hai japo anaonekana jiwe, na yale ya mviringo makubwa yanakua kama sentimita moja kwa mwaka, kwahiyo jiwe la kufika kifuani unaweza kukuta lina umri mkubwa kuliko babu yako.

Humo mwambani ndo utawakuta kina mama wa Msimbati na nondo zao wakitafuta pweza, na kama una adabu, umeamkia vizuri "shikamoo bibi" na hukutanguliza simu ya kumpiga picha, atakuacha umfuate. Mimi kuna bibi mmoja nilikuwa namfuata nyuma, najitahidi kuchungulia kila shimo ninaloliona na sioni kitu, akanigeukia akaniambia, "Mwanangu, usitazame shimo, tazama uchafu wa mlangoni kwake." Akanionesha. Nje ya tundu moja dogo palikuwa na maganda ya kaa, miguu ya kaa imekatika, magamba ya chaza mawili matatu yamesafishwa ndani mpaka yanang'aa, na vijiwe vimepangwa kama ukuta. Pweza anakula halafu anatupa taka nje ya mlango wake, na vijiwe anavikusanya mwenyewe kuziba. Bibi akaingiza nondo taratibu, sio kuchoma, kugusa tu, na mkono mmoja ukatoka ukaishika ile nondo. Ule mkono ulikuwa wa kahawia kama mwamba, ulipogusa chuma ukapauka ukawa mweupe, halafu ukarudi wekundu uliokolea, yote hiyo ni muda wa kupepesa macho mara mbili. Nimeona wanyama wengi kwenye maisha yangu na bado hiyo ndo picha ninayoikumbuka zaidi.

Pweza haishi sana, ni mwaka mmoja hadi mmoja na nusu hivi. Jike akishataga anajifungia na mayai yake, anayapuliza maji, anayasafisha, hali chochote, na yakianguliwa anakufa. Ukimtoa kabla hajafika hapo umetoa na maelfu ya wanawe. Ndo maana Kilwa kule Songosongo wanakijiji wenyewe walikubaliana kufunga baadhi ya miamba kwa miezi kadhaa halafu wanaifungua wote kwa pamoja na kupata pweza wakubwa. Mgeni akienda kutazama kazi hii na akamlipa bibi kwa kumtembeza, bibi anapata hela ya asubuhi ile hata kama hajatoa pweza mwambani, na mi naona huo ndo utalii unaoeleweka kwa mtu wa kijijini.

Ukichagua maji mafu, basi safari iwe ya Ruvula, ncha ya ile rasi. Hapo hutembei, hapo unazamia na miwani na mrija, mida hiyo ya saa nne maji yamejaa na hayavuti sana. Mwamba hauko mbali na ufukwe na ukifika mwisho wake unashuka ghafla kwenye kina, rangi ya maji inabadilika mbele yako kutoka kijani kwenda bluu nzito. Nenda na mtu wa pale anayeyajua maji na vaa jaketi la kujiokolea hata kama unajua kuogelea, kwasababu ule mkondo wa kwenye mlango wa ghuba ukianza kuvuta haujali umejifunzia wapi. Ukishaweka uso majini nyamaza usikilize. Utasikia kitu kinatafunwa. Ni pono huyo, ana mdomo mgumu wa kukwangua mwani kwenye matumbawe, anameza na chokaa yake, anaisaga, halafu anaitoa nyuma ikiwa mchanga. Kwahiyo ule mchanga mweupe unaopigia picha kule ufukweni sehemu yake imepita tumboni mwa pono! Utaona pia changu, tasi kwa makundi, chewa kajificha, taa amejifukia mchangani yamebaki macho tu.

Na utaona sehemu hazina kitu. Vipande vipande vya matumbawe yaliyokufa vimelala chini, hakuna samaki, kimya. Hiyo ni baruti. Uvuvi wa mabomu umeitesa sana pwani hii ya Mtwara miaka na miaka wakati umepigwa marufuku nchini tangu 1970, mtu anarusha chupa anaokota samaki wanaoelea, wengi wanazama wanaoza, na mwamba uliochukua mamia ya miaka unaisha kwa sekunde. Mwaka 1998 nao ukaja na joto la bahari, matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi yakapauka na kufa. Sehemu zenye afya unazoziona leo zimepona kwenye yote hayo, ndo maana nasema zitazame kwa heshima.

Mikoko nitaieleza kwa kifupi ingawa inastahili makala yake. Kwa mtumbwi unaingia mikondoni maji yakiwa yamejaa, na mzee anayekupeleka atakutajia kila mti, huu mkoko, huu mkandaa wa boriti, huu mchu, ule mlilana unaosimama mbele kabisa baharini, mkomafi na matunda yake makubwa ya mviringo. Ndege wako wengi hasa kipindi cha kaskazi, na kuna mmoja ningependa umtafute, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mweusi mnene kabisa, anatembea kwenye tope maji yakikupwa anadaka kaa. Huyo anazaliwa mbali, pwani za Uarabuni na Ghuba ya Uajemi na Somalia, anachimba shimo mchangani anataga yai moja humo chini, halafu akimaliza kulea anakuja huku kwetu kwa maelfu ya kilomita kula kaa. Wanakaa kwa kundi. Usiwakimbize ili upate picha wameruka, wanakuwa na saa chache tu za kula kabla maji hayajarudi.

Viboko wapo mto Ruvuma, upande wa Kilambo kunakovukwa kwenda Msumbiji, na mamba wapo. Nenda na nahodha anayeujua mto, msisogeleane nao, na kwakuwa ni mpakani beba kitambulisho na upitie kwa serikali ya kijiji kwanza kuuliza hali ikoje, tangu vurugu za Cabo Delgado, lile jimbo la Msumbiji ng'ambo ya mto, ulinzi ule upande ni mkali na wana sababu.

Nyangumi sasa. Watu wa Mtwara nyie mnakaa na nyangumi jamani! Kuanzia karibu Julai mpaka Novemba, nyangumi wenye nundu wanapanda kutoka bahari za barafu za kusini kabisa, Antaktika, wanakuja maji yetu ya moto kuzaa na kupandana. Mkubwa anafika mita 15 na uzito wa tani 30, mtoto anazaliwa ana urefu wa mita 4 hivi. Mama muda wote akiwa huku hali karibu chochote, ananyonyesha kwa mafuta aliyoyahifadhi mwilini, madume yanaimba huko chini na ukiweka kichwa majini siku zenye bahati unasikia. Wengine wanapita karibu kiasi kwamba unawaona ukiwa umesimama ufukweni, kwanza ule mvuke unapaa, halafu mgongo, na ukisubiri, mkia. Ukikodi boti mwambie nahodha mapema kabisa kwamba hamkimbizi, mnasimama mbali mnaacha injini ikiwa imetulia, akitaka kuja atakuja mwenyewe. Mama mwenye mtoto akikimbizwa anachoma mafuta ambayo ndo maziwa ya mtoto.

Gharama sio kubwa kwa Mtanzania, kiingilio cha mwananchi ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni wa nje, unalipa kwa kontroo namba unapata risiti, ilipe na uidai hiyo risiti. Boti mnachangishana. Chakula agizeni kijijini, samaki wa kuchoma, na kama ni msimu wa ming'oko, ile mizizi ya porini, basi ming'oko ya kuchemsha, achaneni na kubeba kila kitu kutoka supamaketi mjini afu mnakiachia kijiji mifuko na chupa tu.

Limebaki hili moja na ndo lililonifanya nikae chini niandike. Kasa.

Kasa anataga kwenye fukwe hizi. Pwani ya Tanzania wanataga karibu mwaka mzima lakini zaidi kuanzia kama Februari mpaka Julai hivi. Jike anapevuka akiwa na miaka ishirini, thelathini, hata zaidi, anarudi maeneo yale yale alikoanguliwa, anapanda usiku maji yakiwa yamejaa, anachimba kwa makasia ya nyuma, anataga mayai mia na zaidi, anafukia, anarudi baharini. Yanakaa mchangani kama miezi miwili. Mchanga ukiwa wa moto zaidi wengi wanakuwa majike, ukiwa wa baridi wengi madume. Wakianguliwa wanapanda juu kwa pamoja, wanasubiri usiku, halafu wanakimbilia upande wenye mwanga zaidi ambao kwa asili ni bahari. Kati yao wanaofika utu uzima ni wachache mno.

Sasa sisi tunapitisha magari juu ya ufukwe. Msimbati inasifika kwa hilo, mchanga wa maji ya kupwa ni mgumu, gari linapita, watu wanashindana, video zinarushwa. Maji yakijaa wanapanda juu kwenye mchanga mkavu, pale pale anapotaga kasa. Tairi likipita juu ya kiota mchanga unashindiliwa na vichanga haviwezi kutoka, wanafia ndani. Na hata pasipo na kiota, zile alama za tairi ni mifereji, mtoto wa kasa ana urefu wa sentimita 5 tu, akitumbukia kwenye mfereji anatembea nao sambamba na bahari badala ya kuifikia, mpaka kaa au kunguru ampate. Nimezikuta alama za watoto wa kasa asubuhi ndani ya alama za tairi, vile vistari vidogo vya makasia pande mbili, vinaenda, vinaenda, halafu vinaishia katikati.

Ninachoomba ni kidogo. Wanaoandaa safari za sikukuu, kosta na Noah ziishie kijijini chini ya minazi, watu washuke watembee, hata na mtoto mgongoni sio mbali. Vijana wa Msimbati walinde magari walipwe, wabebe mizigo walipwe. Spika na taa zizimwe giza likiingia, miezi ya kutaga hasa. Ukimkuta kasa anapanda kaa chini, zima tochi, zima simu, usimzunguke, subiri mpaka aanze kutaga ndo usogee kwa nyuma. Ukikuta kiota mtaarifu mtu wa hifadhi au mwenyekiti wa kijiji, usikifukue hata kwa nia njema. Na wewe mwenye gari la juu unayependa kurusha video za kuchora mduara mchangani, nakuomba kwa heshima zote kaka yangu, kachore kwingine.